Nozeli namba mbili: mita ililia, waya ulikuwa umeoza

Gari ni Toyota IST, injini ya 1NZ, cc 1500, silinda nne. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa hapa Morogoro, na gari lake nalijua. Mwaka jana niliwahi kulibadilishia koili ya plagi, ile inayotengeneza cheche. Safari hii lilianza kumsumbua akiwa Dodoma kwa mwanawe, kwa hiyo lilipofika kwangu lilikuwa limeshapita mikono ya mafundi wawili. Lilikuwa limekula plagi nne mpya, koili nyingine moja, usafi wa nozeli (vile vinavyomwaga petroli kwenye injini) kwenye mashine, na mwisho nozeli moja ya mtumba. Bado lilikuwa linamisi, yaani silinda moja haichomi mafuta.

Nilimpa shikamoo kabla hajafunga mlango.

"Marahaba. Fundi, leo sinunui kitu. Leo nataka kujua."

Nikamwambia akae, anisimulie tangu mwanzo. Asubuhi gari ni zima kabisa. Anatoka mjini, anashika barabara ya Dodoma, injini inapata moto, na huko mbele ya Dakawa akiingia barabara ya vumbi ya kwenda shambani, gari linaanza kutetemeka na nguvu zinakatika. Taa ya injini inapepesa. Akizima, akakaa kivulini nusu saa, likiwaka linakuwa limepona. Siku mbili tatu taa inajizima yenyewe. Kila alipolipeleka kwa fundi lilikuwa zima, na kila fundi alibadilisha kitu alichokishuku.

Nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kodi iliyokuwemo (namba ya hitilafu, si ile ya TRA) ilikuwa moja tu: P0302, silinda ya pili inamisi. Namba hiyo inakwambia ni chumba gani kina mgonjwa, haikwambii anaumwa nini. Na usitegemee P0202, ile ya njia ya umeme ya nozeli ya pili, ije ikusaidie. Magari mengi ya Kijapani ya umri huu hata uchomoe soketi ya nozeli yatakuandikia misi tu. Kitu kingine nilichokiona kwenye mashine ni kwamba kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa injini nzima, asilimia 17 juu ya kawaida. Sensa ya oksijeni ilikuwa inaona hewa nyingi kwenye ekzosi ikadhani injini yote ina njaa.

Sikupima chochote pale pale. Ugonjwa unaokuja na kuondoka lazima uupime ukiwepo, la sivyo unapima gari zima na kuandika kuwa ni zima. Tukatoka na Mwalimu mpaka Mkundi. Kwenye lami, kimya. Tulipopita matuta mara ya tatu, injini ikaanza: tuf, tuf, tuf. Nikasimama pembeni nikazima. Najua kufungua plagi kwenye kichwa cha alumini chenye moto si vizuri, kwa hiyo tulingoja kidogo, kisha nikatoa koili ya silinda ya pili na plagi yake.

Plagi ilikuwa kavu. Nikainusa, haina harufu ya petroli.

Hapo ndipo nusu ya kazi iliisha, na haikuhitaji kifaa chochote. Silinda ikimisi kwa kukosa cheche, mafuta yanaingia lakini hayaungui: plagi inatoka imelowa na ekzosi inanuka petroli mbichi. Hii ilikuwa inavuta hewa tupu. Kwa hiyo koili mbili zilizobadilishwa kwa nyakati tofauti kwenye silinda hii, ile yangu ya mwaka jana na hii ya Dodoma, safari hii hazikuwa na hatia. Mafuta hayakuwa yanafika, na kwa kuwa silinda nyingine tatu zilikuwa zinakula vizuri kutoka reli ile ile (bomba linalozigawia nozeli mafuta), pampu nayo nikaiacha.

Sasa umeme wa nozeli wenyewe. Kila nozeli ina nyaya mbili. Mmoja ni wa moto: ukifungua swichi unaleta volti 12 kutoka kwenye fyuzi na relei, na nozeli zote nne zinagawana chanzo hicho. Wa pili unakwenda kontroboksi, yaani ile kompyuta ya injini. Kontroboksi haitoi umeme, inachofanya ni kuugusisha waya huo na ethi (upande hasi wa betri) kwa muda mfupi mno, milisekunde mbili tatu hivi injini ikiwa kwenye sailensi (inawaka bila kukanyagwa mafuta), na hapo ndipo sindano ya ndani inanyanyuka na mafuta yanapita. Kujua upi ni upi huhitaji mchoro: angalia rangi kwenye soketi zote nne. Rangi inayojirudia ni ya moto. Rangi inayobadilika kutoka nozeli hadi nozeli ni ya kontroboksi. Nozeli zote zikifa kwa pamoja, anza na fyuzi, relei na waya wa moto. Ikifa moja peke yake, shuku koili ya nozeli hiyo, soketi yake, waya wake wa kontroboksi, na mwisho kabisa kontroboksi yenyewe. Nasema mwisho kabisa kwa sababu nimeona kontroboksi nyingi zikinunuliwa bure.

Tulirudi gereji na, kama ulivyotegemea, misi ikawa imeondoka. Niliweka bisibisi ndefu kwenye kila nozeli na mpini sikioni. Zote nne zilikuwa zinagonga, tik tik tik, namba mbili sawa na wenzake. Kusikia zikigonga kunakwambia sindano inatembea. Hakukwambii inafunguka kwa muda unaotakiwa, na hakukwambii itafanya nini ukifika kwenye matuta.

Injini ilipopoa nikachomoa soketi nikapima omu, yaani upinzani wa koili iliyo ndani ya kila nozeli. Kabla ya kupima, gusanisha miguu ya mita yenyewe kwa yenyewe. Yangu inasoma 0.3, na hiyo unaitoa kwenye kila kipimo. Nozeli zilikuja 13.8, 13.9, 13.8 na 14.0. Kwa nozeli za aina hii, zenye upinzani mkubwa, chochote kati ya omu 12 na 16 hivi ni cha kawaida, lakini mimi huangalia zaidi kama zinapatana. Moja ikisoma 9 wakati wenzake ni 14, nyaya za ndani ya koili yake zimegusana, inakula umeme mwingi na inaweza kuichosha transista (swichi ya ndani) ya kontroboksi. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika. Zangu zilikuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Lakini ugonjwa huu ulikuwa wa moto, na mimi nilikuwa nimepima baridi. Jirani yangu ana saluni. Nikamtuma kijana wangu wa gereji akaazime drai ya nywele, akarudi nayo pamoja na ujumbe kwamba ikirudi na grisi tutainunua. Tukaipuliza nozeli ya pili taratibu huku mita imeshikwa. Ikapanda kutoka 13.9 mpaka 16.4, kidogo kidogo, bila kuruka. Kupanda huko ni tabia ya shaba: kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, upinzani unaongezeka karibu asilimia 4. Kuna mafundi wanaopima nozeli ya moto, wanaona 16 na kitu, wanalinganisha na kitabu kilichoandikwa kwa nyuzi 20, na wanaitupa nozeli isiyo na kosa. Ninachotafuta kwenye moto ni mruko, namba inayokwenda 15, 16, halafu ghafla mita haisomi kitu. Haikuruka. Nozeli ya mtumba ya Dodoma ilikuwa nzima, na nikashuku kwamba hata ile ya zamani iliyotupwa nayo ilikuwa nzima.

Nikafungua swichi nikapima waya wa moto kwenye soketi ya pili: volti 12.4, sawa na betri. Kisha nikachomeka kitaa changu cha LED kwenye soketi mahali pa nozeli, kijana akapiga stata. Kikapepesa vizuri. Nikakihamishia soketi ya tatu, kikapepesa vile vile. Nilikaa hapo karibu nusu saa nikijiuliza kama nimeisoma vibaya ile plagi.

Kilichonitoa ni jaribio ambalo halina gharama. Kwenye injini hii nyaya za nozeli ya pili na ya tatu zinaweza kufikia zikivutwa kidogo. Nikabadilisha soketi: ya pili nikaiweka kwenye nozeli ya tatu, ya tatu kwenye ya pili. Injini inawaka na kwenda karibu kama kawaida, kwa sababu nozeli hizi zinamwaga nyuma ya valvu, si ndani ya silinda, kwa hiyo mafuta yakitangulia au yakichelewa kidogo yanasubiri valvu ifunguke. Nikafuta kodi, nikachukua gari peke yangu, nikapita matuta yale yale ya Mkundi mara nne.

P0303.

Misi ilihama na soketi. Nozeli zote mbili zilikuwa zimebaki mahali pake, plagi na koili hazikuguswa, kilichohama ni waya tu. Sasa ilikuwa kesi ya mita chache za waya kati ya soketi ya pili na kontroboksi, iliyoko ndani nyuma ya dashibodi, na kontroboksi yenyewe.

Nilizima, nikatoa nguzo hasi ya betri, nikachomoa soketi kubwa ya kontroboksi. Mita nikaiweka kwenye mlio, mguu mmoja pini ya kontroboksi, mwingine soketi ya nozeli. Ikalia. Kijana akatikisa nyaya huku na huku, ikaendelea kulia. Akaniangalia kama anayesema basi ni kontroboksi, na nakiri hata mimi bei zake zilianza kunipita kichwani.

Halafu nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo: nikaacha kusikiliza mita nikaisoma. Mlio wa mita yangu unalia hata kwenye omu 30. Kwenye skrini paliandikwa 4.9. Nikapima waya wa nozeli ya kwanza: 0.3, yaani miguu ya mita peke yake.

Omu 4.6 kwenye waya ambao ungepaswa kuwa sifuri. Kwa mtu asiyezoea ni namba ndogo. Ila fikiria: injini ikiwaka chaji ni volti 14, nozeli ni omu 14, kwa hiyo kinachopita ni ampea moja. Mita, ikipima, inatuma kama sehemu moja ya elfu ya ampea au chini ya hapo. LED inataka kama sehemu 20 za elfu za ampea. Vyote viwili vinaweza kupita kwenye njia iliyooza bila kujua kwamba imeoza, kama mtoto anavyovuka daraja bovu ambalo lori lingelivunja. Ndiyo maana kitaa kilipepesa vizuri huku nozeli inakufa.

Kwa hiyo nikaupa waya mzigo unaolingana na kazi yake. Nina balbu ya wati 10 niliyoichomelea nyaya mbili zenye klipu. Kwa volti 12 inakula karibu ampea 0.8, jirani kabisa na nozeli. Nguzo hasi ya betri nikairudisha. Soketi ya kontroboksi bado iko nje, hilo ni la lazima, usije ukapeleka umeme wa betri kwenye transista zake. Klipu moja ya balbu chanya ya betri, nyingine waya wa nozeli upande wa kontroboksi. Ule mwisho wa waya kwenye soketi ya nozeli nikaugusisha ethi. Kwanza nilijaribu waya wa nozeli ya kwanza ili kijana aone uzima unafananaje: balbu nyeupe, na mita ikiwekwa mwanzo na mwisho wa waya inasoma volti 0.05. Kisha waya wa nozeli ya pili. Balbu ikawa ya manjano, kama taa ya kibatari. Mita: volti 3.1 zimepotelea njiani.

"Sasa tikisa," nikamwambia. Akaanzia kwenye soketi akienda nyuma, kipande kwa kipande. Alipofika kama sentimita nane kutoka kwenye soketi, ndani ya ule mpira wa mikunjo unaolinda nyaya, balbu ikazimika. Akaachia, ikarudi. Akashika tena, ikazimika.

Mpira tukauchana. Waya kwa nje ulikuwa mzima, laini, rangi yake ipo. Ila penye kidole cha kijana palikuwa na doa la kijani kama ukubwa wa punje ya mtama. Nilipoukunja hapo, plastiki ilikuwa imevimba na ndani palipasuka kama biskuti. Hapakuwa na shaba tena, palikuwa na unga wa kijani na vijinywele vilivyokatika ambavyo vilikuwa vinagusana tu kwa kubanwa na plastiki. Gari likiwa baridi na limetulia vinagusana. Injini ikipata moto plastiki inalainika, matuta yanatikisa, vinaachana.

Nikaukata nyuma na mbele mpaka nilipopata shaba inayong'aa pande zote mbili, kama sentimita sita kwa jumla. Nikaweka kipande kipya cha unene ule ule, nikalehemu kwa risasi, nikavisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Wapo wanaochukia kulehemu kwenye injini, na wana hoja: risasi ikiingia kwenye nyuzi inaufanya waya uwe mgumu, na mtikisiko unaukatia pale ugumu unapoishia. Jibu langu ni kuufunga waya pande zote mbili za kiungo ili usichezecheze. Balbu ikarudi kuwa nyeupe, 0.05. Soketi nikazirudisha kila moja kwenye nozeli yake, nikafuta kodi, na Mwalimu akalichukua gari mpaka shambani na kurudi. Wiki iliyofuata alipita nikachomeka mashine: hakuna kodi, na yale mafuta ya nyongeza yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 17 hadi 2.

Kabla sijafika mwisho wa kisa, niseme la wale wanaopima nozeli kwa kuigusisha betri moja kwa moja. Nozeli ya omu 14 ukiigusa mara moja haitaungua, lakini kama iko kwenye reli yenye presha unamwaga petroli kwenye silinda, na ukizidisha unaosha mafuta ya kulainisha ukutani. Nozeli za upinzani mdogo, zile za omu 2 au 3, betri inaunguza koili yake. Na injini za D-4, ambazo nozeli zake zinamwaga ndani ya silinda, pamoja na dizeli za reli ya pamoja, achana nazo kabisa kwa namna hii: nyaya zake hubeba volti nyingi kuliko za betri, nyingine za kutosha kukurusha.

Rudi kwenye doa la kijani. Waya hauozi katikati bila sababu, maji lazima yapate mlango. Nilikiweka kile kipande mezani chini ya taa nikakigeuza. Katikati ya doa palikuwa na tundu, duara safi, la unene wa sindano ya kushonea. Mtu alikuwa ameupima waya huu kwa kuutoboa, akarudisha mpira wa kinga, akaenda zake. Mwalimu huosha gari kila Jumamosi, injini pamoja, kwa pampu ya maji.

Nilitaka iwe ni mmoja wa wale wa Dodoma. Lakini shaba haigeuki unga kwa wiki tatu. Nikaenda kwenye droo nikatoa daftari la mwaka jana. Ninaandika kila gari, tabia niliyofundishwa na fundi wangu, na siku hiyo nilitamani nisingekuwa nayo. Mwezi wa tatu, mwandiko wangu: IST ya Mwalimu, inamisi, silinda ya 2. Nimepima waya wa nozeli kwa sindano, mpigo upo. Nimebadilisha koili.

Mwalimu alipokuja kulichukua gari nikamwekea mbele kile kipande cha waya na daftari likiwa wazi. Akavaa miwani, akasoma, akakiangalia kipande, akasoma tena.

"Kwa hiyo hili tundu ni lako."

"Ni langu, Mwalimu. Hela ya ufundi leo sipokei."

Alikaa kimya, halafu akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, nyekundu, sijui bado anatembea nayo ya nini, akanisogezea pamoja na daftari.

"Andika hapo chini: masahihisho. Na tarehe."

Nikaandika.